Mchoro wa Mwisho wa Fundi Mwaniki

Jumapili, mwezi wa saba. Nyeri imejaa ukungu, mlima haujaonekana siku nne, na vidole vyangu vimekufa ganzi. Lakini leo nimecheka peke yangu njia nzima kutoka Tetu mpaka mjini, kwa hivyo wacha niandike kabla furaha haijapoa.

Kwa anayepita hapa bloguni mara ya kwanza: mimi hutengeneza fremu. Picha za harusi, za mahafali, za marehemu. Hiyo ndiyo kazi. Ugonjwa wangu ni mwingine. Natafuta michoro halisi ya katuni za magazeti ya zamani, karatasi yenyewe aliyoishika mchoraji kabla haijaenda kuchapishwa. Na zaidi ya zote natafuta Fundi Mwaniki, ambaye siku hizi ukimtaja watu wanadhani unatafuta fundi wa mabomba.

Mwaniki alikuwa mshonaji katika katuni ya gazeti dogo la kila wiki. Mteja wake, Githinji, alikuwa akingoja suti ya kuvaa siku ya ruracio, siku ya kupeleka mahari kwa kina msichana wake. Kila wiki Githinji anakuja, kila wiki suti haina mkono mmoja. Baba alikuwa akitusomea kwa sauti kabla hata hajavua viatu vyake vya gambuti. Kisha gazeti likafa, nikiwa darasa la sita, na suti haikuwa imeisha. Baba amezikwa bila kujua kama Githinji alioa.

Nacheka nikiandika hivyo, lakini jambo hilo limeniuma miaka mingi kuliko inavyostahili.

Nina michoro kumi na mmoja, na huwa naringa kwamba naweza kuitambua hata nimefumba macho. Siri ni viraka. Mchoraji alikuwa mtu wa huku kwetu na aliandika vile alivyoongea: badala ya "kula" aliweka "kura", badala ya "lala" aliweka "rara". Mhariri alikata kikaratasi cheupe chenye L na kukibandika juu ya kila R. Gazetini huwezi kukiona. Kwenye mchoro halisi, ukipitisha kidole, unakipata. Jamaa mmoja wa Kenol alitaka kuniuzia mmoja uliokuwa laini kama meza. Nilimrudishia nikamtakia safari njema.

Wiki jana mjane wa mchoraji, Cucu Nyambura, yaani Bibi Nyambura, alinipigia simu. Nilikuwa nimemwachia namba yangu mwaka juzi na kukata tamaa. Alikuwa amegeuza godoro, akapata karatasi moja ambayo haikuwahi kwenda gazetini.

Leo sikusubiri hata chai ya baada ya kanisa, nikaenda moja kwa moja kwake Tetu.

Karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wa unga. Picha ya kwanza: Mwaniki ameinua suti, mikono yote miwili ipo! Ya pili: Githinji ameivaa na imemkaa sawasawa. Ya tatu: amesimama mlangoni, anasema, "Niko na suti, sina mahari ya kuenda." Ya nne haina maneno. Mwaniki amemvutia kigoda, na wote wawili wanatoa minji, yaani njegere, kwenye maganda, Githinji akiwa na suti yake mpya.

Nilinyong'onyea. Miaka yote hiyo, halafu maskini hana mahari? Na minji imeingiaje kwenye duka la mshonaji?

Nikamwambia Cucu, "Kumbe shida ya Githinji haikuwa suti. Ilikuwa mbuzi za ruracio."

Alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. "Mbuzi gani, Mama Kui? Ati mbuzi! Hana mahari ya kuenda. Kama vire wewe umekuja hapa. Si hapa ni mahari?"

Mahali! Mimi, mtaalamu wa viraka! Mchoro haukumfikia mhariri, R imekaa pale wazi bila nguo, na nimeipita kama siijui. Tulicheka mpaka Cucu akashika meza.

Halafu akanieleza, na kicheko changu kikapungua. Mumewe alikuwa amevaa koti, amejiandaa kushuka mjini kupeleka kazi ya wiki, jirani alipomletea habari kwamba gazeti limefungwa. Alisimama mlango wa jikoni na koti lake. "Akaniambia, Nyambura, sina mahari ya kuenda. Nikamwambia, si ukae basi, hii minji ni mingi." Jioni hiyo alichora huu mmoja, akauweka chini ya godoro, na hakuchora tena.

"Chukua," Cucu akasema. "Ukae na zire zingine."

Na nilitaka. Nakiri hapa kwa sababu hapa sidanganyi: nilikuwa nimeshafungua mkoba. Lakini mkono wake ulikuwa ukinipa karatasi huku kidole gumba kimekanyaga picha ya nne, na hakikutoka. Sidhani hata yeye alijua.

Nikatoa futi badala yake. Nikapima urefu na upana, nikapima ukuta wa sebuleni kwake, kando ya kalenda ambapo moshi haufiki. Nitautengenezea fremu ya mbao ngumu, kioo kizuri, na nitaupeleka mwenyewe. Hiyo R haitabandikwa kitu.

"Na wewe utaangaria nini?" Cucu akauliza.

"Nitakuja kuangalia hapa."

"Haya, kuja Jumamosi. Minji iko."

Nimerudi mikono mitupu na nimefurahi kama mjinga. Wala sijisifu kwamba nimekuwa mwema. Tangu mwanangu Kui aende chuo, Jumamosi nikifunga duka saa saba huwa narudi nyumbani, napanguza vioo ambavyo havina vumbi, kisha nakaa kuvitazama mpaka jua lizame. Sikuwahi kumwambia mtu. Hata humu nilikuwa naandika kwamba napenda utulivu.

Jumamosi niko na mahari ya kuenda.