Baba Amekubali Vidonge Vyake

Mama,

Mume wako amepasuliwa tumbo. Usishtuke, yuko hai na anasumbua wodi nzima.

Alikuja Mbale kunitembelea, utumbo ukajisokota, tukamkimbiza hospitali ninapofanya kazi. Upasuaji ulikwenda vizuri. Balaa lilianza alipozinduka, akalazwa kwenye wodi yangu. Kila nikimpelekea vidonge vya maumivu alifunga mdomo kama mtoto anayekataa uji. "Mimi iko sawa. Pea wale vijana." Wale vijana wa vitanda vya jirani walikuwa wameshameza vyao na wanacheza karata!

Sawa gani hiyo, Mama? Alilala kama gogo kwa kuogopa mshono. Hakukohoa, hakuvuta hata pumzi ndefu. Kifua kikaanza kukoroma, joto likapanda, na daktari akaniambia wazi kwamba asipokohoa na kusimama, nimonia itamchukua. Niliogopa sana. Wewe nimekuzika mwaka jana tu.

Nikambembeleza. Nikamwita Afande, kama enzi zake za jeshi. Nikamtishia sindano. Wapi!

Ndipo nikakumbuka ulivyotusimulia mlivyoonana. Wakati wa vita, wodi uliyokuwa muuguzi kule Jinja imejaa majeruhi, dawa ya maumivu haitoshi, na koplo mmoja aliyepasuliwa mguu anakuambia kila siku umpe jirani yake sehemu yake. Ulisema ulimpenda hapohapo, na ukamwona mjinga hapohapo. Kumbe Baba hakuwa anajikaza. Alikuwa bado anagawa.

Nikasukuma toroli ya dawa hadi kitandani kwake, nikamfungulia makopo aone. Nikamwambia, Baba, wote wamepata, na nyingine zimebaki.

Alitazama, akatazama tena. "Zimebaki kweli?" Kisha akasema neno ambalo sijawahi kulisikia kutoka kwake tangu nizaliwe: "Naumwa, mwanangu. Naumwa sana."

Nililia, sikufichi. Akameza. Dawa ilipomwingia tukamkalisha, akakumbatia mto tumboni, akakohoa mpaka vijana wakaacha karata zao. Sasa joto limeshuka, anatembea hadi mlangoni, na anawaambia wauguzi wangu kwamba chai ya Mbale haina tangawizi. Ungekuwepo ungemfinya.

Jana aliniuliza jambo moja, huku anatazama ukutani. Je, wewe, siku zako za mwisho, dawa zilikutosha? Nikamwambia zilikutosha, nilikuwa nakupa kwa mkono wangu mwenyewe, na uliondoka ukiwa umelala vizuri. Akanishika mkono huohuo, akasinzia akiwa bado ameushikilia.

Basi pumzika, Mama. Huyu mbishi wako nakuahidi hakufuati sasa hivi. Nitamrudisha nyumbani Mpumudde akitembea kwa miguu yake, na mimi nitakuwa nyuma yake na vidonge.

Binti yako,
Zaituni