Karatasi Iliyokaushwa Kama Kakao

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Bondeni tu wazima. Babu yako anakohoa, lakini kugomba hajaacha. Umeniuliza kwa nini karatasi zako za majaribio ya chuoni, za wanga wa mhogo na nyuzi za mgomba, zile za kufungia chakula na kuliwa nacho, zinapasuka zikikauka.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mifuko ya plastiki ikajaa sokoni, ndama wa mama mkwe wangu alimeza mmoja akafa. Nikajigamba kwamba kashata za harusi ya wifi yangu nitazifunga kwa karatasi za wanga. Nikazianika kama tunavyoanika kakao, mpaka zikawa zinalia zikiguswa. Siku ya harusi wageni wanaingia uani, na kila ninayoikunja inavunjika. Mama mkwe akafunua sufuria ya wali, akaishika moja juu ya mvuke. Ikalegea kama jani la mgomba lililobabuliwa.

"Hii si kakao, mwanangu," akasema. "Ungeiachia maji kidogo."

Mama yako ameniambia unataka kuacha chuo. Usiamue wiki hii. Njoo kwanza, nikupikie wali.

Bibi yako