Nani Ameshika Flashi ya Baba?

Jumamosi, Bukoto. Mvua imekatika, lakini mabati bado yanadondosha maji.

Hili sijawahi kumwambia mtu: shuleni wananiita Injinia, nami huitika, lakini nusu ya vitu ninavyofanya kwenye kompyuta sivielewi. Naandika amri kama nilivyoziona kitabuni, kisha namwomba Mungu.

Leo asubuhi ilikuwa hivyo.

Baba ni polisi, na likizo yake imeisha. Anarudi kazini Moroto, mbali na hapa, na hajui ataruhusiwa lini tena kuja nyumbani. Aliniomba kitu kimoja tu: nimwekee kwenye flashi sauti ya babu, baba yake, aliyetuacha mwaka jana. Nilikuwa nimemrekodi babu kwa simu akisimulia hadithi kwa Kiacholi. Kiredio cha Baba hucheza flashi, lakini hakisomi sauti za simu, kwa hiyo nilizibadilisha zote, nikaziweka kwenye flashi.

Baba alikuwa mlangoni, begi begani, bodaboda inanguruma nje. Nikaiambia kompyuta iachilie flashi. Ikakataa. Ikasema bado inatumika.

Inatumiwa na nani? Nilifunga muziki. Nikafunga picha. Nikafunga hata kamusi.

Bado inatumika.

"Wewe, ng'oa tu," Baba akasema. "Hiyo si jino."

Sikuing'oa. Mwalimu alituambia kwamba ukiing'oa kabla kompyuta haijamaliza kuandika, faili linaweza kubaki nusu, au kuharibika kabisa. Nikamwona Baba huko Moroto akibonyeza kiredio, na kiredio kimenyamaza.

Ndipo nikakumbuka kwamba ipo amri ya kuuliza ni programu gani zimeshikilia diski. Kwenye lile dirisha jeusi la amri nikaandika fuser -vm, kisha mahali flashi ilipo. Nikakosea mara ya kwanza, nikaandika tena.

Likatokea jina la mtumiaji mmoja. Langu.

Nikasoma tena. Programu iliyoishikilia flashi ilikuwa dirisha lile lile nililokuwa nikiandikia. Wakati wa kubadilisha sauti niliingia kwenye folda ya flashi, na sikutoka. Sikuwa nimefungua faili lolote. Nilikuwa nimesimama mle ndani tu.

"Umeshika mwizi?" Baba akauliza.

"Ni mimi, Baba."

"Ati?"

"Mimi ndiye nimeishika."

Alicheka mpaka begi likateleza begani. Akamwita Mama aliyekuwa jikoni: "Kuja uone! Hii polisi imejikamata yenyewe!"

Niliandika cd, amri ya kuhama folda, nikatoka, na flashi ikaachiliwa mara moja. Baba akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaenda.

Siku nzima nimebaki na swali. Mtu anawezaje kuhesabiwa kuwa anatumia kitu wakati hakigusi, yupo tu? Kitabu kinasema ndivyo ilivyo, hakisemi kwa nini. Namkumbuka babu miezi yake ya mwisho, kitini hapo karibu na dirisha, haongei na mtu. Kiti hicho hakuna aliyekihamisha mpaka leo. Sijui kama ni jambo moja. Labda nachanganya mambo.

Jioni Baba alipiga simu. Hakunisalimu. Nikamsikia babu akikohoa, vile alivyokohoa kabla ya kuanza hadithi. Nilikaa sakafuni, nikasikiliza mpaka simu ikakatika.