Alichokificha Mama Chini ya Leso

Mambrui,
Jumamosi

Dada yangu mpenzi Zeina,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima, na baridi ya Nakuru iwe imewahurumia. Huku Abubakr na watoto hawajambo, wakusalimu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungeitambua hofu sautini mwangu, ukaanza kulia kabla sijamaliza.

Mwezi uliopita nilimpelekea Amisha nguo ninazomshonea dukani kwake Malindi. Gauni moja lilikuwa langu la harusi ya jirani, nikalijaribu, naye akinibania pini. Mara akaziweka pini chini. Aliniuliza ngozi ya titi langu la kushoto imebonyea tangu lini. Nikamjibu sijui, wala haliniumi. Akasema huko kutouma ndiko kunakomtia hofu. Akafunga duka mchana ule ule, akanishika mkono hadi hospitali.

Daktari Mwikali alinipapasa polepole mpaka kwapani, akakuta titini kivimbe kigumu kama kokwa ya ukwaju. Alinieleza kwamba vivimbe vingi si saratani, lakini kivimbe kipya, ngozi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, hayo hayangojewi. Kisha akauliza kama mama au dada aliwahi kuugua titi. Nikasema la, mama alikufa kwa moyo. Si ndivyo tulivyoambiwa? Akaagiza nipigwe picha, nikatolewa kinyama kwa sindano kikapimwe.

Kungoja kulinimaliza, dada. Nilisimama kwenye sala nikasahau rakaa. Mwisho nikamwendea mama mdogo, nikamwuliza mama alikufa na nini hasa. Alikuwa akichambua mchicha. Akaweka ungo chini, akasema, "Mwanangu, nilimwapia mamako kwamba sitasema."

Kisha akanieleza: mama alikuwa na kidonda titini mwaka mzima. Alikifunga kitambaa chini ya leso, akijifukiza udi ili harufu isisikike. Alidhani ni kijicho, tena aliona haya daktari mwanamume amwone. Alipokubali kwenda, ugonjwa ulikuwa umeshafika mapafuni. Zeina, udi ule mimi nilikuwa nikiupenda.

Juzi nilichukua majibu. Ni saratani. Daktari asema tumeiwahi, haionekani kuwa imetoka nje ya titi, na wengi walioiwahi hivi wamepona. Nitapasuliwa wiki ijayo, kisha nianze dawa. Nilimwambia Abubakr. Alikaa kitandani akanishika miguu. Naogopa kisu. Naogopa zaidi kuwaacha watoto.

Lakini hofu iliyoniketisha kuandika ni yako wewe. Sisi tumenyonya titi moja. Daktari asema kwa kuwa mama aliugua, na sasa mimi, wewe uko karibu na hatari kuliko wengine. Si lazima uugue, ila usingoje dalili. Nenda ukapimwe, uwaambie madaktari habari za mama bila kuficha. Nyumbani nako, kila mwezi hedhi ikiisha, jipapase na ujitazame kwenye kioo. Najua una haya. Mimi nililia nilipofungua vifungo, kisha daktari akanipa kitambaa nikajifuta, tukaendelea.

Wabusu watoto, umpe shemeji heshima zangu, na mniombee dua. Ukishapimwa nipigie, wala usianze kwa salamu. Anza na majibu.

Mdogo wako akupendaye,
Safaa