Kofia ya Msumeno

Moroni, Machi 1968

Mama yangu mpenzi,

Naubusu mkono wako nikiwa mbali: kwezi, Mama. Natumai barua hii itakukuta Mutsamudu ukiwa na afya, na kwamba goti limeacha kukusumbua baada ya mvua. Dada Batoul hajambo? Kichanga chake kimeanza kunyonya vizuri? Sisi huku tunamshukuru Mungu kwa yote, ingawa safari hii siwezi kusema hatujambo kisha nikanyamaza.

Najua Kaka Soidri alikuandikia kwamba mume wangu Toihir alijikata vidole hapa nyumbani akipasua kuni. Mama, katika nyumba yangu hakuna shoka. Kuni nanunua zikiwa zimechanjwa.

Toihir aliumia kwenye karakana ya Kaka. Tangu serikali ihamie hapa kutoka Dzaoudzi, kazi za milango na meza za ofisi zimekuwa nyingi, ndipo Kaka akaagiza msumeno wa umeme. Toihir alijifunza mashine mjini Majunga, Bukini, naye akawafundisha wenzake: mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko, ubao usukumwe kwa kijiti wala si kwa vidole, na mtu asiokote kipande mpaka meno yasimame kabisa. Juu ya meno hayo kuna bati la kuyafunika, wenyewe huliita kofia. Mbao nene za takamaka hazikupita chini yake, basi Kaka akaifungua kofia akaiweka rafuni. Toihir alimwomba airudishe. Kaka alimjibu mbele ya watu kwamba anayeogopa mashine aende Itsandra akavue samaki.

Angejibu nini? Nyumba tunayolala alinijengea Kaka, na kibarua cha mume wangu kiko mikononi mwake. Toihir akawasha mashine. Ubao ulikuwa na fundo ndani, msumeno ukaurudisha kwa kishindo, mkono ukateleza. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekwenda.

Kaka alinivuta pembeni langoni mwa hospitali.

"Sema aliumia nyumbani," aliniambia. "Wakijua, wataifunga karakana. Sote tutakula nini?"

Toihir aliahidiwa kazi ya kutunza stoo akipona, akakubali hata kabla jeraha halijashonwa. Nami niliitikia, Mama. Nilimwonea huruma Kaka pia.

Siku niliyokwenda karakana kuchukua nguo za Toihir, nilimkuta Ambari, fundi wa Ikoni, mume wa shoga yangu Mounira, amesimama mbele ya mashine ileile. Mikono ya shati inaning'inia, kofia bado iko rafuni imejaa vumbi la mbao. Nilimwuliza kama haoni hatari. Ilibidi apige kelele nimsikie.

"Toihir aliijua mashine hii kuliko sote, na ikamkata! Mimi nasoma dua tu, dada."

Mounira ana mimba kubwa.

Kaka amekuandikia pia kwamba kuna adui aliyemshtaki kwa mkaguzi wa kazi. Nadhani hakumtaja jina kwa kukuonea haya. Mama, adui huyo ni mimi. Nilijifunga nguo yangu ya shiromani, nikapita barabarani mchana watu wakiniona, nikaenda ofisini kwa mkaguzi nikamweleza kila kitu kama ninavyokueleza wewe.

Mkaguzi akatuita, mimi na Toihir. Alimwuliza aliumia wapi. Toihir aliuficha mkono ndani ya kanzu, akatazama sakafu.

"Nyumbani," alisema. "Nilikuwa napasua kuni. Mke wangu amechanganyikiwa kwa majonzi."

Mkaguzi alinitazama kidogo, akafunga faili.

Tulirudi nyumbani. Namwosha jeraha, namkatia nyama, usiku analala ubavuni mwangu akiuelekea ukuta. Kaka hupita mlangoni bila salamu. Mjini mimi ndiye mwongo aliyetaka kumfunga ndugu yake. Niende wapi? Nyumba ni yangu, lakini kila jiwe aliliweka yeye. Nikifunga dirisha nakosa hewa, nikifungua nasikia wanavyonisema.

Ila jana Mounira aliingia kwa mlango wa uani, akaninong'oneza kwamba kofia imefungwa tena juu ya msumeno. Kaka mwenyewe ndiye aliyekaza skrubu, na hakumweleza mtu kwa nini.

Nasikia anakuja huko kukuona. Mpokee, Mama, mpikie anachopenda, ni mwanao kama mimi. Lakini akikutaka uniandikie nimwombe radhi, nakusihi usiniandikie hilo. Wewe sijawahi kukukatalia neno, na hili sitaliweza.

Nisalimie Dada Batoul na majirani wote. Uniombee katika kila sala yako.

Mimi mwanao,
Kalathoumi