Gari la Bi. Kadzo Limetulia

Malindi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limeamkaje? Dua yangu ni kwamba siku hizi wapanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi ni mzima, hata nanenepa. Ulilalamika kwamba kwenye simu nakupa habari mbiombio, basi leo kaa kitako.

Kuna muuguzi wa Sabaki, Bi. Kadzo, ana gari kuukuu analopelekea wajawazito hospitali. Juma lililopita lilimzimikia darajani, na nyuma kuna mama wa watu anaumwa uchungu. Wapita njia wakalisukuma, likawaka, wakafika. Mtoto wa kiume, mzima, alhamdulillahi. Lakini kesho yake Bi. Kadzo aliingia gereji yetu macho mekundu.

"Athumani, mafundi wawili wamenibadilishia plagi na pampu. Bado likisimama latetemeka kama mwenye homa. Ukishindwa nawe, naliuza."

Fikiria, mama! Akiliuza, wale wajawazito watapanda bodaboda.

Nikaliwasha, nikaliacha lingurume. Mlio ukapanda, ukashuka, ukakaribia kufa, ukapanda tena. Injini hizi hupima hewa zinayovuta, ndipo zikajitilia petroli kwa kadiri yake. Nikawaza, huenda kuna hewa inayoingia kwa wizi. Nikachukua maji ya sabuni, nikawa nanyunyiza kidogokidogo kwenye kila mpira unaopitisha hewa. Asubuhi nzima, hola. Mwenye gereji akaninong'oneza, "Muache mama wa watu aende zake."

Nikamwambia angoje, pamebaki pale chini pasipoonekana. Nikapapasa mpira mmoja mwembamba, nikanyunyiza. Mlio ukabadilika papo hapo! Mpira ulikuwa umepasuka kwa chini, ukalivuta povu lote ndani.

Nikatia mpira mpya, nikawasha. Mngurumo mmoja tu, laini. Nikanyoosha mkono nizime.

"Usizime," akasema Bi. Kadzo. Akaketi kwenye usukani, akavua viatu, akafumba macho. "Niache nipumzike humu kidogo."

Tukamwacha, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi alikuwa amelala, na gari languruma taratibu.

Nisalimie baba, na dada anayekukanda goti, na shangazi wa nyumba ya pili ambaye hakosi kuniuliza nitaoa lini. Mwambie nimesikia.

Radhi zako zinanitosha huku niliko.

Kitinda mimba wako,
Athumani