Neno Moja Kwenye Kitambaa

Jumatatu, 6 Mei
Kazi nimepewa mimi! Nani mwingine? Nimeandika majina ya meli kwenye bandari tatu, na manahodha wamenipigia saluti. Sasa ni kitambaa cha jukwaani, kumbukumbu ya bomu la sokoni, la wakati ule wa vita. Kwaya yetu, ngoma za wageni wa ng'ambo, igizo la pamoja. Mji wao na wetu ni pacha, ati. Pacha! Mmoja kadondosha bomu, mwenzake kalidaka.

Jumanne, 7 Mei
Katibu wa kamati kaniletea maneno: TUNAWAKUMBUKA WALIOPOTEZA MAISHA SOKONI. Nikamsomea Shangazi jikoni, najidai. Kisu kikasimama kwenye kitunguu. Akaniuliza nani kapoteza. Watu hupoteza ufunguo, hupoteza kiatu. Mdogo wake alitumwa nyanya, akauawa – yeye kapoteza nini? Akasema wakiliandika neno hilo, ukumbini hakanyagi. Na ndiye wa kuwasha mshumaa! Waliotoka hai sokoni siku ile, kabaki yeye tu. Chakula kimenishinda. Mimi!

Jumatano, 8 Mei
Nimemfuata katibu ofisini. Bosi, tuandike WALIOUAWA – ni fupi, hata rangi itabaki. Hakucheka. Wageni watajisikia vibaya, fundi, tunajenga undugu, chora ulichopewa. Watajisikia vibaya! Ndege zitoke kwao, adabu tuwe nayo sisi! Shule niliiacha darasa la sita, nikatokea dirishani, lakini kuua na kupoteza navijua. Akaniuliza tangu lini nimekuwa mwanasiasa. Nikamwambia ningekuwa mwanasiasa ningekuwa na kitambi kama chake.
Kanifukuza. Kazi bado ninayo – hana mwingine wa kumpa. Ha!

Ijumaa, 10 Mei
Nimechora. WALIOUAWA. Jekundu, nene, utalisoma ukiwa nyumbani kwako umelala. Kitambaa nimekikunja, katibu hajakiona. Shangazi nimemwambia aje tu, mambo nimeyamaliza.
"Domo lako hilo, baba," kasema. "Siku moja litakuponza."
Lakini gauni kalipiga pasi.

Jumamosi, 11 Mei – nyuma ya jukwaa
Ukumbi umejaa. Nimechungulia kwenye pazia: Shangazi yuko mstari wa mbele, kiberiti mkononi.
Mchoraji wa mji wao, pande la mtu, kipara, kaja na mapambo yao. Kanisaidia kutandaza kitambaa sakafuni. Kakisoma. Nikakunja ngumi – nimewahi kuwalaza mabaharia wawili mimi! Kisha kaniuliza: waliouawa na nani? Mbona hujamaliza? Nikamwambia rangi iliniishia. Kopo liko pale pale, limejaa pomoni! Kaliona. Niliogopa, basi. Neno moja nimeliiba, la pili likanitia baridi.
Kaomba brashi. Kapiga magoti, kaandika baada ya SOKONI: NA. Herufi safi, karibu zinifikie. Halafu kainua brashi. Kasema bila kuniangalia kwamba ndege zile, aliyekuwa akizijaza mafuta ni baba yake.
Katibu anagonga mlango. Nimeuegemea kwa mgongo, ndivyo naandika hivi. Anapiga kelele kwaya imeshasimama, fundi, tundika hicho kitambaa! Kule mbele wamenyamaza. Nasikia njiti ya kiberiti.
Brashi iko hewani. Tone limeanguka baada ya NA. Namwambia, ndugu yangu, andika, au nipe mi –